Kisu kipya cha kukunja: kigumu kufungua, na bapa limeegemea upande mmoja

Usikirudishe bado. Ugumu wa siku za kwanza mara nyingi ni skrubu ya bawaba (pale bapa linapozungukia) iliyokazwa kupita kiasi, au vumbi la kiwandani ndani ya mafuta.

Tafuta bisibisi ya nyota yenye pembe sita (Torx) inayoingia sawasawa, mara nyingi saizi T8 au T6. Ikilegea kidogo tu itakula kichwa cha skrubu. Skrubu ikigoma, huenda ina gundi ya kuizuia isilegee: ipashe moto kwa ncha ya pasi ya kulehemu, usilazimishe. Ilegeze kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko, ukijaribu kufungua kila mara. Bapa likianza kucheza kushoto na kulia, umepitiliza, rudi nyuma. Kisha tone moja la mafuta mepesi kwenye bawaba. Moja tu, mengi hukusanya uchafu.

Bapa kuegemea upande ni kasoro ya mwonekano tu, mradi haligusi mpini likifungwa.

Kufuli, kile kinachozuia bapa lisijikunje, ndilo la kuogopa. Fungua kisu, kisha sukuma mgongo wa bapa kwa kiganja, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kufuli likiteleza au bapa likicheza juu na chini, usikitumie kisu; dai dhamana kabla hujakitenganisha vipande, maana watengenezaji wengine huifuta kwa hilo.