Maswali ya Wasomaji: Ua la Fraktali Lililogeuka Moshi

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mchora mapambo hapa Mikindani, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitengeneza fraktali za miali, yaani picha za kompyuta ambazo umbo lake hujirudia ndani yake kwa ukubwa tofauti, kwa programu ya Apophysis. Natamani kupata ua la petali sita, mfano wa maua yaliyochongwa kwenye milango ya zamani ya pwani, lakini kila nikiweka mageuzo (maagizo ya kuhamisha nukta) saba au nane naambulia wingu la moshi katikati ya kioo. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, mageuzo saba ni mengi mno kwa mtu ambaye hajajua bado kila moja lina kazi gani. Mbinu ya fraktali za miali, ambayo Scott Draves wa Marekani aliibuni mwaka 1992, haichori mstari hata mmoja: kompyuta huchukua nukta moja, huchagua geuzo kwa bahati nasibu, huihamisha nukta hiyo kwa kanuni ya geuzo lililochaguliwa, kisha hurudia kazi hiyo mamilioni ya mara huku ikihesabu kila mahali pamepitiwa mara ngapi. Kwa hiyo fundi wa milango hushika patasi, lakini wewe unashika kanuni tu, na kanuni zikiwa nyingi bila mpango, nukta hutawanyika kila upande.

Futa yote, uanze na mageuzo mawili. La kwanza lipunguze hadi 0.9 ya ukubwa wake na ulizungushe nyuzi 20, nalo litakupa mzunguko kama wa gamba la konokono. La pili lipunguze hadi theluthi moja na ulisogeze pembeni, kwa sababu hilo ndilo litakaloweka nakala ndogo za umbo zima kandokando ya mzunguko huo.

Sasa uje kwenye uzito, jambo ambalo wanafunzi wengi huliruka. Uzito ni nafasi ya geuzo kuchaguliwa, na kipimo kizuri cha kuanzia ni eneo linalobaki baada ya kupunguza: 0.9 mara 0.9 ni 0.81, theluthi mara theluthi ni takriban 0.11, basi lipe la kwanza uzito wa 7 na la pili uzito wa 1. Ukiyapa uzito sawa, nakala ndogo zitang'aa kupita kiasi na mzunguko utafifia. Katika jani maarufu la mwanahisabati Michael Barnsley, ambalo nalo huchorwa kwa mageuzo, geuzo linalobeba karibu jani lote huchaguliwa mara 85 katika 100, ilhali lile la kikonyo huchaguliwa mara moja tu.

Kanuni za kupinda zifuate baadaye, na kwa uchache. Ile iitwayo sferikali hutupa mbali nukta zilizo karibu na kitovu na kuzivuta ndani zilizo mbali. Ukiiweka kwenye kila geuzo pamoja na kanuni nyingine tatu au nne, moshi hauepukiki, na nadhani hapo ndipo ulipokwama. Ipe geuzo la pili peke yake, tena kwa kiasi kidogo, na la kwanza uliache na kanuni ya mstari, isiyopinda chochote.

Kwa petali sita, ongeza mageuzo matano yasiyopunguza wala kupinda chochote, bali yanayozungusha tu kwa nyuzi 60, 120, 180, 240 na 300, na kila moja ulipe uzito wa 8, yaani jumla ya yale mawili ya awali. Utaniambia tumerudi palepale kwenye saba. Ni kweli, ila matano haya hayana ubishi. Hakikisha pia hayagusi rangi, kwa kuwa kila geuzo linalogusa rangi huvuta rangi ya nukta kuelekea rangi yake, na petali zote zitaishia kuwa na rangi ya tope. Mageuzo mawili ya msingi yaweke kwenye ncha mbili za paleti, yaani safu ya rangi za picha, 0 na 1.

SWALI: Nipo Lindi mjini. Picha yangu ni safi kwenye kioo, lakini nikiikuza ili ichapwe kwenye kitambaa hujaa chenga, hasa sehemu za giza. Kwa nini?

JIBU: Sampuli, yaani mapito ya nukta yanayohesabiwa, ni chache. Mwangaza hukokotolewa kwa logi ya idadi ya mapito, hivyo hata mahali palipopitiwa mara chache huinuliwa paonekane, na chenga zake huinuliwa pamoja napo. Ongeza sampuli kwa kila pikseli, ukijua kwamba ili chenga zipungue kwa nusu unahitaji sampuli mara nne, na kwamba ukizidisha upana na urefu mara mbili, muda nao huongezeka takriban mara nne. Usikimbilie kupandisha gama, yaani kipimo kinachong'arisha sehemu za giza, kwani itazifanya chenga zionekane zaidi. Iache kompyuta ifanye kazi usiku kucha, na kabla ya hapo kata kipande kidogo cha sehemu yenye giza, ukichape kwanza kwenye kitambaa kilekile.