Maswali ya Wasomaji: Msitu wa Kijiji Ukikatwa, Tubishe Hodi Ofisi Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijiji chetu kipo kusini mwa Mkoa wa Kigoma na kina msitu wa miombo ambao wazee waliutenga kwa ajili ya mizinga ya nyuki, dawa na chemchemi. Tangu kiangazi kilichopita watu wanaingia usiku, wanakata mininga na kuchoma mkaa. Tulipeleka malalamiko katika ofisi moja ya serikali, ikatuelekeza ofisi nyingine, nayo ikatuambia msitu ule hauko chini yake. Je, Serikali ya Mkoa haina mamlaka ya kuulinda?

JIBU: Ndugu msomaji, mkoa unayo nafasi yake, lakini si ile ambayo wananchi wengi huidhania. Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya mwaka 1997 iliifanya Sekretarieti ya Mkoa, inayoongozwa na Katibu Tawala wa Mkoa, kuwa chombo cha kuzishauri na kuziwezesha halmashauri, wala si mmiliki wa misitu au mwajiri wa walinzi wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 ikaongeza kwamba katika kila mkoa awepo mtaalamu wa mazingira, ambaye huratibu ushauri kwa halmashauri na kuziunganisha na Mkurugenzi wa Mazingira katika Ofisi ya Makamu wa Rais. Mamlaka ya kutunga sheria ndogo, kutoza faini na kusimamia ardhi yapo chini zaidi, katika halmashauri na katika kijiji chenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua msitu wenu ni wa aina gani kisheria. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya taifa, ambayo husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, misitu ya hifadhi ya serikali za mitaa, ambayo ni ya halmashauri, misitu ya vijiji, na misitu ya watu binafsi. Ninyi mnasema wazee waliutenga. Utaratibu wa wazee ni wa kuheshimiwa, lakini mahakama itauliza kama Mkutano Mkuu wa Kijiji uliridhia kuutenga, kama mpaka umechorwa katika mpango wa matumizi ya ardhi, kama kuna mpango wa usimamizi, na kama sheria ndogo zimeidhinishwa na Baraza la Madiwani. Mambo hayo yasipokuwapo, mgambo wenu wanaweza kumkamata mkataji leo na kumwona kesho akirudi na msumeno wake, kwa sababu hakuna kifungu cha kumshitakia kwa jina la kijiji. Yakiwapo, kijiji kinaweza kutoza faini na pia kubaki na mapato ya uvunaji halali, na hapo ndipo ulinzi unapopata fedha za kuuendesha.

Haya yamekwisha kufanyika katika mkoa huu huu. Kuanzia mwaka 1994, kupitia mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Gombe vilipanga matumizi ya ardhi, vikatenga misitu yao na kuchagua walinzi miongoni mwao, na miti ikaanza kurudi katika miteremko iliyokuwa imebaki vipara. Nasisitiza mfano huu kwa sababu sehemu kubwa ya sokwe wa Tanzania huishi nje ya hifadhi za taifa, katika misitu kama ya Masito na Ugalla, na ikiwa ardhi ya vijiji haitalindwa, Gombe na Mahale peke yake hazitawatosha.

Hatua ya kuanzia ni kuitisha Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hukutana angalau kila baada ya miezi mitatu, na kuhakikisha azimio linaandikwa katika muhtasari, pamoja na maeneo yaliyokatwa na tarehe zake. Mtendaji wa Kijiji aupeleke kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na nakala ziende kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya uvunaji wa mazao ya misitu ya wilaya, na kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Nakala hii ya mwisho isiachwe. Wakataji hawajali mpaka wa wilaya, na mara nyingi magogo yanayokatwa Uvinza huweza kupitishwa Katavi au Tabora. Ofisi ya mkoa ndiyo inayoweza kuwakalisha meza moja wakurugenzi wa halmashauri, Wakala wa Misitu, polisi na mikoa jirani. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ya uratibu ina manufaa makubwa kuliko operesheni za wiki moja, ambazo humnyang'anya mkaa mwendesha baiskeli barabarani na kumwacha mwenye lori na tanuri.

SWALI: Nalima bustani kando ya Mto Luiche. Nimeambiwa niache mita 60. Agizo hili ni la mkoa?

JIBU: Hapana, ni la sheria ya nchi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, shughuli za kudumu na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu ukingo huo. Udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya mtoni huishia Ziwa Tanganyika na kufunika miamba ya kando, ambako samaki wengi hutaga na kulelea vifaranga. Mwombe ofisa mazingira wa halmashauri yako, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, wakuoneshe kipimo hicho shambani, kwa kuwa ni haki yako kujua mstari unaanzia wapi kabla ya kung'oa mazao.

SWALI: Sisi wavuvi wa dagaa na migebuka tulisimamishwa mwaka 2024. Kwa nini mkoa ulitufungia ziwa?

JIBU: Uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kutokana na makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ambazo zilitia saini mkataba wa pamoja wa kulisimamia mwaka 2003. Shabaha ilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, na shabaha hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Mkoa ulikuwa msimamizi wa utekelezaji, na katika utekelezaji ndipo wavuvi wana haki ya kuubana: waelezwe mapema, doria ziwe sawa kwa mwenye mtumbwi na mwenye boti kubwa, na familia zisizo na shamba zielekezwe njia nyingine ya kipato kwa miezi hiyo. Madai hayo yaandikeni kupitia kikundi chenu cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ambacho sheria inakitambua, na myafikishe kwa ofisa uvuvi wa halmashauri kabla vikao vya bajeti havijaanza.