Jibu la msomaji: pembezoni kunahesabiwaje?

Wiki hii mmeuliza kwanini mitaa ya pembezoni mwa miji hupata barabara, maji na usafiri mwisho, ni uonevu au ni pesa tu haitoshi. Mi naona pesa haijawahi kutosha popote, shida iko kwenye namna ya kupima nani aanze.

Angalieni mradi unavyopitishwa. Wataalamu wanahesabu magari barabarani na abiria kituoni, kisha wachumi wanapiga hesabu ya faida kwa gharama, mradi wenye faida kubwa unapita. Sasa kule mwisho wa njia basi linakuja likijisikia, kituo chenyewe ni nguzo imechomekwa kwenye tope, hakuna taa wala kivuli, mvua ikinyesha watu wanajibana kwenye kibaraza cha jirani, hapo utamhesabu nani? Waliochoka kusubiri washaondoka kwa miguu, wengine waliacha hata kutafuta kazi za mbali. Basi ripoti inaandikwa mahitaji ni madogo. Yaani kukosa huduma kunageuka ushahidi kwamba huduma haihitajiki! Na mjini kati kwenye lami na foleni, wanaongezewa njia nyingine.

Na msidhani ni mambo ya nchi maskini tu. Uingereza wana mwongozo wa hazina wa kupima miradi, Green Book, ulilalamikiwa miaka mingi kwamba unaipendelea London, na mwaka 2020 hazina yenyewe ikaupitia upya na kukiri tathmini zinategemea mno huo uwiano wa faida na gharama. Ufaransa nako kuna Clichy-sous-Bois, kilomita kama 15 tu kutoka katikati ya Paris lakini reli ilikuwa haifiki. Oktoba 2005 vijana wawili walikufa kwa umeme pale wakiwakimbia polisi, machafuko yakaenea nchi nzima, ahadi zikamwagwa, na tramu ya T4 ikaingia mtaani Desemba 2019. Miaka 14 jamani.

Kinachoniudhi zaidi ni ile kauli kwamba watu wa pembezoni hawachangii. Anayenunua maji ya boza au ya madumu analipa zaidi kwa lita kuliko mwenye bomba ndani, hili linajulikana kwenye miji mingi duniani. Shimo la choo anachimba mwenyewe, kifusi cha kuziba barabara wanachangishana mtaa mzima, nauli anapanda magari mawili matatu. Hizo ni hela za miundombinu, sema tu hazipiti kwenye kitabu cha manispaa.

Inawezekana kupima vingine. Porto Alegre, Brazil, tangu 1989 walianza bajeti shirikishi, yaani wakazi wenyewe kushiriki kupanga matumizi ya fedha za mji, na kwenye kugawa fedha, ukubwa wa upungufu wa huduma ukawa kigezo kimojawapo, pamoja na idadi ya watu na vipaumbele vya wakazi wenyewe. Medellín kule Kolombia mwaka 2004 walifungua Metrocable, vibanda vya kwenye waya vinavyopandisha watu mpaka mitaa ya mlimani kama Santo Domingo na kuwaunganisha na metro. Ila hata hao si malaika, maktaba kubwa ya huko juu ilifunguliwa 2007 kwa mbwembwe na baadaye ikafungwa kwa kasoro za ujenzi. Kukata utepe ni rahisi, matengenezo hayana picha, ndo maana ukipewa lami pembezoni inachimbika na hakuna anayerudi.

Kuna wanaosema kupeleka bomba mbali ni gharama kubwa kwa kila nyumba. Ni kweli, siwabishii. Lakini nani aliidhinisha viwanja viuzwe huko kabla ya mtaro na bomba kufika? Mi ningeanzia hapo: hakuna kupima kiwanja kipya mpaka maji na njia ya basi viwe vimelipiwa, na kila manispaa itoe hesabu ya kata kwa kata kwa miaka 10 iliyopita, ujenzi peke yake na matengenezo peke yake. Mtaniambia viwanja vitapanda bei na maskini ndo ataumia. Hofu hiyo ninaielewa, ndo maana sehemu ya gharama ibebwe na wenye ardhi ya katikati, ambayo thamani yake imepandishwa na lami na reli za kodi ya wote.