Sukari ya kipimo cha PET hailishi uvimbe

Dada, hiyo "sukari" aliyodungwa mama kabla ya kipimo cha PET (picha ya kusaka saratani mwilini) hailishi saratani. Ni chembe tu, hata kikombe cha chai haikolezi. Inaitwa FDG, yaani glukosi iliyobandikwa florini-18 yenye mionzi. Seli za saratani huifakamia, kisha inakwama humo ndani na kamera inaona panang'aa. Ndiyo maana alikaa saa 6 bila kula, sukari ya chakula ingeshindana nayo. Ubongo na kibofu vikiwaka msishtuke, ni kawaida. Na si kila panapowaka ni saratani, hata kifua kikuu huwaka, msubirini daktari asome. Mionzi hupungua nusu kila dakika 110 hivi. Anywe maji, na kichanga asimpakate kwanza.