Usijenge programu-kati mpya, chagua uamuzi mmoja

Ndugu, umeuliza kama kwa tasnifu ya uzamili ujenge programu-kati mpya (programu inayokaa kati ya programu za watumiaji na mtandao) inayojirekebisha yenyewe mtandao au mzigo wa seva unapobadilika. Ningekuwa wewe nisingethubutu. Muda wote utaishia kusaka hitilafu za mawasiliano. Chukua iliyopo, uchunguze uamuzi mmoja tu, kwa mfano lini ihamishe maombi kutoka seva iliyolemewa.

Soma kwanza kazi za programu-kati mbili za aina hii, OpenORB ya Chuo Kikuu cha Lancaster na dynamicTAO, za karibu na mwaka 2000. CORBA, kanuni ya kuunganisha programu za kompyuta tofauti ambayo zilijengwa juu yake, imezeeka, lakini wazo la mfumo kujichungulia na kubadili viungo vyake huku ukiendelea kufanya kazi bado lina uhai.

Penye kazi hasa ni kuyumba. Kizingiti, yaani kiwango cha mzigo kinachoamua maombi yahamishwe, kikiwa kimoja, mfumo utahama, utarudi, utahama tena, na kila kuhama kuna gharama yake. Weka viwili vilivyoachana, cha kuhama na cha kurudi, kisha pima ucheleweshaji wa ile asilimia 1 ya maombi ya polepole zaidi. Wastani huficha mengi. Halafu linganisha na mfumo usiojirekebisha kabisa. Wengi husahau, na wakati mwingine ndio unaoshinda.