Nihubirije kwa kina bila kuwapoteza wazee wala wasomi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa ulio pembezoni mwa jiji la Dodoma. Ibadani nina wakulima wazee, watumishi wa serikali waliohamia na wanafunzi wa chuo kikuu. Nikirahisisha, wasomi wanashika simu. Nikichimba, wazee wanasinzia. Nifanyeje?

JIBU: Amina, ndugu mwinjilisti. Kwanza, usijaribu kuhubiri mahubiri mawili kwa mpigo. Kina hakiletwi na maneno magumu, wala kuruka kwenye aya kumi na tano. Huo ni upana.

Chukua Yohana 15:1-10. Jumatatu lisome fungu kwa sauti mara tatu kabla hujagusa kitabu cha ufafanuzi, ukihesabu yanayojirudia. Kati ya mstari wa 4 na wa 10 utakuta “kaa” mara kumi. Kisha linganisha mstari wa 2 na wa 3: Baba “hulisafisha” tawi, na wanafunzi wamekwisha kuwa “safi” kwa sababu ya lile neno. Kiyunani nacho kina shina moja hapo, kathairo na katharos. Usiyatamke hayo madhabahuni! Sema tu kwamba kisu cha Baba ni neno lake.

Ndipo ushuke shambani. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mzabibu ukishapogolewa, mgeni huona vijiti akadhani shamba limekufa. Hapo mzee atainua kichwa, na mtumishi aliyeacha familia Dar es Salaam atajua kukatwa ni nini. Ila muulize mkulima mmoja kabla ya Jumapili. Ukikosea habari za mzabibu mbele yao, hata za Kristo watazitilia shaka. Na mfano usizidi dakika tatu, usije ukageuka bwana shamba.

Kuhusu ufasaha, andika ujumbe wote kwa sentensi moja, maneno yasiyozidi 15. Ikikushinda, fungu bado hujalielewa. Sentensi ya kwanza na ya mwisho ziandike neno kwa neno, kwa sababu wengi huharibu wakati wa kutua: “namalizia” inasemwa mara nne na watu wameshachukua mikoba. “Mwambie jirani yako” mara moja, kama ni lazima.

Jumamosi jioni yahubiri yote kwa sauti, umesimama. Pumzi inapokukatikia, sentensi hiyo ni ndefu, ikate.