Maswali Yenu: Nyuzi 9 tu ndo shule zifungwe?

Swali: Mhariri habari za kazi. Kila baada ya muda nasoma shule zimefungwa sababu ya baridi, mara Bangladesh mara India mara Texas kule Marekani, sehemu ambazo sote tunajua ni za joto. Nikiangalia zile digrii zenyewe nakuta 9, 8, wakati kuna watoto wenzao huko kaskazini wanakwenda shule theluji imewafika magotini na hakuna anayelalamika. Hivi hawa si wanadekezwa tu? Halafu masomo yanayopotea nani atayafidia? – Baba wa watatu

Jibu: Hapana ndugu yangu, hawadeki, na naomba nikujibu kwa kirefu kidogo maana hili swali naliona sana na linaniuma, kwa sababu wanaoumia hapo ni watoto wadogo ambao hawana sauti kabisa kwenye huo uamuzi.

Huyo mtoto wa kaskazini unayemsifia, mwangalie vizuri. Ana buti, ana glavu, ana jaketi zito, basi la shule lina hita, na akifika darasani kuna joto la kutosha mpaka anavua jaketi anabaki na shati, kwahiyo baridi yenyewe anakutana nayo dakika chache tu za njiani. Sasa njoo kaskazini mwa Bangladesh mwezi wa Januari. Shule nyingi za vijijini kule zimejengwa ili hewa ipite, paa la bati, sakafu ya saruji, madirisha wazi, hita hakuna, na ukungu unakaa mpaka mchana jua halionekani. Mtoto kavaa ndala na sweta moja ambalo pengine lilikuwa la kaka yake, anakaa kwenye benchi masaa manne hajisogezi, vidole vimekakamaa hata kalamu haishikiki. Hiyo nyuzi 9 anayo nje, anayo darasani, na usiku akirudi anayo kitandani. Ndo maana Januari 2024 serikali ya kule ilielekeza shule zifungwe kwenye wilaya ambazo joto limeshuka chini ya nyuzi 10, na mimi naona walifanya sawa kabisa. Mwili wa mtoto ni mdogo, unapoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima, na joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hapo tayari ni hatari, anaanza kusinzia na kuongea ovyo, mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani anaweza asimwone kabisa.

Na wale wa kaskazini nao wana mwisho wao, usidhani hawafungi. Januari 2014 gavana wa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, Mark Dayton, alifunga shule za serikali jimbo zima kwa ajili ya baridi, na ilikuwa imepita miaka 17 haijatokea. Hesabu yao kubwa ni upepo, ukijumlisha na upepo ikafika kwenye -28 hivi basi ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na nusu saa ni muda wa kawaida kabisa wa mtoto kusubiri basi lililochelewa.

Texas ndo utaelewa zaidi, maana pale pesa ipo, hita zipo na bado mambo yaliharibika. Februari 2021 baridi ilishuka mpaka Dallas ikafika -19, Houston karibu -11, watu wote wakawasha hita kwa mpigo na wakati huohuo visima vya gesi na mitambo ya umeme ikaanza kuganda kwa sababu haikutengenezwa kwa baridi ya namna ile. Nyumba zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme. Mabomba ya maji kule mengi yanapita darini au kwenye kuta za nje bila kufunikwa, yakaganda, barafu ilipoanza kuyeyuka yakapasuka, maji yakamwagika ndani. Shule nyingi zilifuta hata masomo ya mtandaoni, utasomaje mtandaoni bila umeme? Hesabu ya serikali ya jimbo ilifika watu 246 waliokufa. Lakini El Paso, mji wa Texas hiyohiyo ambao haumo kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme, unaohudumia sehemu kubwa ya jimbo, ulikuwa umeganda 2011 wakaumia, wakaingia gharama kukinga mitambo yao, na 2021 taa ziliendelea kuwaka kwa karibu watu wote. Kwahiyo inawezekana kujiandaa, ni kuamua tu.

Kuhusu masomo uko sahihi, yanapotea, na kuna watoto chakula chao cha uhakika ni kile cha shule, kuna mama akibaki na mtoto siku hiyo halipwi. Ndo maana mimi sipendi kufunga kila kitu kwa mkupuo. Delhi kule India huwa wanawaacha nyumbani wadogo kwanza, Januari 2024 walikuwa wa chekechea mpaka darasa la 5, halafu wanasogeza saa ya kuingia ili watoto wasitoke alfajiri baridi ikiwa kali na ukungu umefunika barabara. Siku zilizopotea zinafidiwa mwisho wa muhula, vidole vya mtoto je?

Swali: Kwa nini wanatangaza kufunga jana yake jioni? Si wasubiri asubuhi waone hali? – Mwalimu mkuu msaidizi

Jibu: Mwalimu, kusubiri ndo kulikoiponza Atlanta, mji wa kusini mwa Marekani, tarehe 28 Januari 2014. Asubuhi watoto walikwenda shule kama kawaida, mchana theluji ikaanza, na haikuwa nyingi, chini ya sentimita 7. Shule, maofisi na biashara vikaruhusu watu kwa wakati mmoja, barabara zikajaa magari, theluji ikageuka barafu chini ya matairi, magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu nayo yakakwama kwenye foleni hiyohiyo. Maelfu ya watoto walilala shuleni, wengine usiku uliwakuta ndani ya mabasi. Fikiria mzazi yuko kwenye gari amekwama, simu inaisha chaji, hajui mtoto yuko wapi. Jioni ya jana yake mzazi anapata muda wa kupanga nani abaki na mtoto, na dereva hajalazimika kuwasha basi la dizeli saa 10 alfajiri wakati betri imelala na dizeli nayo imeanza kuwa nzito.

Swali: Umeme ukikatika watoto wako nyumbani, naweza kuwasha jiko la mkaa chumbani dirisha nikalifungua kidogo? – Mama Pacha

Jibu: Usiwashe mama, tafadhali sana, hata kama dirisha liko wazi. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na Texas ile ile kuna waliookoka na baridi wakauawa na hii, waliingiza majiko na jenereta ndani, wengine waliwasha gari gereji wapate joto. Kusanya wote chumba kimoja, ziba chini ya mlango kwa nguo, wavalishe nguo nyepesi nyingi badala ya moja nzito, kofia na soksi, na soksi ikilowa badilisha hapohapo. Kidole kikiwa cheupe na hakina hisia usikisugue wala usikisogeze kwenye moto, kiweke kwenye maji ya uvuguvugu halafu mpeleke hospitali. Na kama kuna jiko lilishawashwa, mtu akalalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, toeni watoto wote nje kwanza hata kama ni baridi, ndo mpige simu.